Kitambaa cha Mananasi Mgongoni Mwangu

Aibu hii bado ninayo, lakini kwa kuwa Tangini nzima wameshaisikia ikiwa imetiwa chumvi, bora niisimulie mwenyewe nipumzike, maana nimechoka kusimamishwa sokoni na watu wanaotaka kujua ilikuwaje.

Mimi nakusanya vitambaa vya kroshia vya zamani. Sio hivi vya sasa vya uzi wa kung'aa. Nataka vile ambavyo mama zetu walifuma wakiangalia shambani, jani la mhogo, mkungu wa ndizi, nanasi na macho yake yote, vile ambavyo watu wakinunua makochi mapya wanavigeuza matambara ya jikoni (na roho inaniuma kweli). Nimevifuata mpaka Ruvu, nimevifuata mpaka Janga, na huko Janga ndiko nilikopata kile cha mananasi, duara zima, uzi umegeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa bibi mmoja niliyembembeleza mpaka akachoka akanipa.

Sasa Shabani, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe tangu hajaota meno, akapata mchumba Kisarawe, binti anaitwa Zuhura, na mimi kama shangazi ndiye nikapewa kubeba sinia la posa, lenye barua, kanga na udi. Asubuhi gari la kukodi liko nje, mshenga wetu Mzee Omari akaliangalia sinia akauliza, "Hili linakwenda wazi hivi?" Nilikuwa nimesahau kununua kitambaa cheupe. Basi nikaingia ndani nikachukua kile cha mananasi (na niseme ukweli, nilitaka na watu wa Kisarawe wakione), nikajiambia kawa siku zote hurudi na sinia, kwa hiyo na kitambaa kitarudi.

Tulipokelewa vizuri sana. Mzee Omari akasema maneno yake, sinia likapelekwa ndani, tukawekewa pilau tusubiri jibu, na mimi nikiwa na tonge mkononi nikaona kupitia pazia la mlango wameweka jagi la juisi ya ukwaju juu ya mananasi yangu. Chakula kikanishinda hapo hapo. Nikaaga naenda msalani, nikapitia chumba kile, nikasogeza jagi, nikakikunja kitambaa nikakificha chini ya mtandio, nikarudi nimeinamisha kichwa kwa adabu zote. Nisilolijua ni kwamba nanasi moja lilikuwa limenasa kwenye pini ya mtandio, na kila nilipopiga hatua kitambaa kikawa kinakunjuka na kuteremka mgongoni, nikapita nacho mbele ya wazee wote hivyo hivyo, nikaketi.

Bi Mwajuma, bibi yake Zuhura, ndiye aliyeuliza. "Mwanangu, posa yenu mnaondoka nayo?"

"Hapana, bibi, posa ipo ndani."

"Na hicho mgongoni?"

Mzee Omari akafunika uso. Kumbe kwao kitambaa kilichofunika posa hakitoki tena. Kikitoka, posa nayo imetoka, na aliyekitoa ndiye aliyevunja. Mimi badala ya kunyamaza nikasema nilitaka kukifua kwanza (sijui neno hilo lilitoka wapi), mama yake Zuhura akauliza kwa hiyo nyumba yao ndiyo imekichafua, na baba mdogo wa binti akainuka akaagiza sinia lote liletwe tuondoke nalo. Kwenye mkoba simu inatetema, ni Shabani, aliyeambiwa asubiri nyumbani na ameshindwa kusubiri.

Ikabidi niseme ukweli, hadi habari za Janga. Bi Mwajuma akanyoosha mkono, akakinasua kwenye pini taratibu bila kukata uzi hata mmoja, akakitandaza magotini, akakitazama weee.

"Kizuri," akasema. "Haya chagua, mama. Uondoke nacho, au ukiache tukupe mke wa mwanao."

Nami nikakaa kimya. Sio kimya kirefu, jamani, lakini watu wote pale walikisikia, na nilipokuja kufungua mdomo niseme kibaki, Zuhura alikuwa amesimama nyuma ya pazia ananiangalia.

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo nikiombwa kubeba sinia la watu nasema magoti yananiuma, na nimeapa kitambaa changu hakivuki tena kizingiti. Zuhura ananiamkia kwa heshima, chai ananiletea mimi kwanza. Ni Shabani ndiye aliyekuja peke yake siku moja akaniuliza, "Shangazi, ni kweli ulifikiria?"

Nikamwambia nilikuwa nameza mate. Aliitikia tu, akainuka akaenda zake, na mimi nikabaki nimekaa pale barazani nikijua hakuniamini.