Jipu la Mazutu na Kilima cha Kavumu

Mimi nimesukuma jipu letu, lile gari la kijani, kuliko mtu yeyote wa Kadutu, na mabega yangu yanaweza kutoa ushahidi. Kwa hiyo acha nieleze namna lilivyofika kwetu, maana papa akieleza anaruka sehemu yake, na tonton, mjomba wangu, akieleza anaruka yake. Mimi yangu nitaisema, nimechoka kuibeba.

Maman anauza kabichi na viazi katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mizigo anaitoa Kavumu na Mudaka, mara tatu kwa juma, na miaka yote alikuwa anarudi juu ya kamio, lori la mizigo, amekaa kileleni mwa magunia pamoja na mbuzi na wamama wenzake. Mwaka jana, wakati wa mvua, kamio likaruka shimo, na maman akabaki hewani wakati wengine wote wamekwenda mbele. Hakuvunjika. Lakini tangu siku ile anaamka kwa vipande: kwanza anakaa, halafu anamwita Mungu, halafu ananiita mimi nimvute mkono. Mungu huwa anachelewa.

Papa ni muuguzi wa dispanseri. Alimchoma sindano zote alizokuwa nazo kabatini, kisha akatangaza mezani, kwa sauti yake ya kutangaza minyoo:

"Dawa ya huu mugongo haiko kwa dispanseri. Dawa ni kumushusha kwa kamio."

Babu wa Kabare akauza ng'ombe wake wawili, wa mwisho. Maman akaweka zamu yake ya akiba ya wamama wa soko, papa akaleta alichokuwa anaficha ndani ya sanduku la bandeji. Ikatosha jipu moja kuukuu. Moja tu. Tukichagua vibaya, maman anarudi juu ya magunia, na ng'ombe wengine hakuna.

Mjini majipu ya kuuzwa yalikuwa mawili. Moja la esansi, yaani petroli, kule Nyawera, mali ya mchuuzi wa kahawa. Jeupe, safi, limepakwa mafuta mpaka kwenye matairi kama bibi arusi. La pili la mazutu, dizeli, hapa hapa Kadutu, juu kidogo ya nyumba yetu, mali ya sitoyeni mmoja, raia kama tulivyoamriwa kuitana, wa ofisi ya serikali aliyekuwa anahamishiwa Kinshasa. Hilo lilikuwa kijani, mlango mmoja bluu, na likiwaka linanguruma kama tumbo la mtu aliyekula maharage mabichi.

Majuma matatu hatukula chakula bila ubishi wa motere, wa injini. Tonton, mdogo wake maman, ni fundi wa magari. Yeye alikuwa wa esansi.

"Shemeji, sikia," alimwambia papa huku anamenya kiazi. "Esansi inawaka mbio. Batri ikikufa, unachukua manivele, ile chuma ya mbele, unazungusha kwa mukono mara mbili, motere inaamuka. Motere ya mazutu iko nguvu sana ndani. Hata batu kumi habawezi kuizungusha. Inataka batri kubwa, na demarere kubwa ya kuiamusha. Na demarere yake ikikufa, Bukavu muzima hautaipata."

"Na esansi nitaipata wapi?" papa akauliza. "Unapanga laini siku mbili, ukifika kwa pompe, mukubwa mumoja anakuja na bido zake sita za kujaza, anapita mbele, na wewe unamupigia saluti."

Hapo tonton alirudi kwenye kiazi chake, maana juma lile lile alikuwa amempigia mtu saluti.

"Mazutu iko kila fasi," papa akaendelea. "Kwa mashamba ya chai, kwa bashofere ya kamio. Tena inavuta. Kupandisha kabichi mpaka Kadutu na esansi? Itakunywa kuliko weye siku ya ndoa."

"Mi nilikunywa kidogo."

"Ulilala ndani ya ngoma."

Basi wakabishana hivyo hivyo, kila jioni, maneno yale yale kama sala. Maman alikuwa anasikiliza amelala chali kwenye mkeka, kwa ajili ya mgongo. Siku moja tu alisema kitu.

"Mi sijue motere. Ile yenye itanirudisha ku nyumba bila kunitupa, mulete ile."

Wakageuka kumtazama, halafu wakaanza tena.

Aliyeumaliza ubishi ni mimi. Nilisema: "Papa, esansi banaibaga. Banaweka mupira kwa tanki, bananyonya. Mazutu hakuna mutu anaitaka."

"Weye unajua aje?"

"Nasikiaga batu banasema."

Sikusema kwamba watu hao ni mimi na mwenzangu wa darasa, na tanki lilikuwa la pikipiki ya mwalimu wetu wa hesabu. Nilimeza funda moja. Siku mbili nzima kila nikicheua nilikaa mbali na jiko.

Lakini papa aliniangalia kama mtu aliyesoma. Akasema: "Umeona, shemeji? Hata mutoto anaelewa." Ikawa mazutu.

Sasa sehemu yangu. Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kupenda lile la kijani. Kila asubuhi, tukienda masomo, yaani shule, yule sitoyeni alikuwa anatuita, mimi na wenzangu watatu: "Bavijana ba Mapinduzi, muje!" Tunalisukuma jipu lake kutoka mbele ya nyumba mpaka kileleni mwa njia. Kule juu tunaingia, yeye anashika usukani, linaserereka, linakohoa, linawaka, na tunashuka nalo mpaka karibu na masomo tunapiga kelele kama mawaziri. Tukichelewa kuimba mbele ya bendera, mkuu wa masomo alitupiga. Raha ile ilistahili fimbo.

Je, niliona ajabu yoyote? Hapana, na hapo msinilaumu peke yangu. Mji wetu hauna mahali pa kuweka yai likatulia. Kila mwenye gari hulaza gari lake likitazama chini, jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi anaondoa jiwe, na mteremko unafanya kazi yake. Batri inapumzika. Mtu anayewasha gari kwa ufunguo mtaani kwetu, watu wanamtazama: huyu anajivuna nini?

Siku ya kulikagua jipu tulipanda wote. Sitoyeni alikuwa tayari juu, jipu limeinamisha pua kuelekea ziwa. Akatoa jiwe, likaserereka hatua kumi, likawaka. Papa akaomba asimame. Halafu, mbele ya mtaa mzima, akatoa mfukoni kile chombo chake cha kusikilizia vifua, akakitia masikioni, akaweka ile sahani ndogo juu ya kapo, kifuniko cha motere. Akafumba macho. Akahamisha kidogo kushoto.

"Moyo iko muzuri," akasema.

"Muulize kama inakohoa usiku," tonton akasema. Alikuwa amekunja mikono kwa hasira ya kushindwa. Aliangalia oili, akaangalia moshi, akalala chini akaangalia springi. Demarere hakuigusa. Fundi mzima! Lakini naye, gereji yake iko kwenye mteremko.

Mimi nilisimama pale, mikono yangu bado ina vumbi la kulisukuma jipu lile asubuhi. Hakuna aliyeniuliza.

Safari ya kwanza tulikwenda Kavumu, likizo ya Pasaka. Maman alikaa mbele, kitenge kipya, mto mgongoni. Alisalimia kila kamio tulilopishana nalo, pole pole, kwa vidole tu. Sijawahi kumwona amekaa vile, kama mtu ambaye hadaiwi kitu na barabara.

Kavumu, kwa yule asiyepajua, ni tambarare. Ndiyo maana waliweka uwanja wa ndege pale. Tukafika, papa akazima motere, "mazutu isipotee bure," tukapakia magunia kumi na mawili ya kabichi. Papa akaingia, akaweka ufunguo, akazungusha.

Tk.

Akazungusha tena. Tk. Sauti ndogo, kama mtu anayekataa kwa ulimi.

Tonton akafungua kapo, akaingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka hakuwa na hasira hata kidogo, ndiyo maana niliogopa.

"Demarere haina meno. Na si ya leo, kutu imeingia. Shemeji, hii kitu haijazunguka labda mwaka muzima." Akajifuta mikono. "Sasa nani alikuwa anaiwasha?"

Niliangalia ndege. Hakukuwa na ndege.

"Mulima, tonton," nikasema.

Wakageuka wote watatu. Nikaeleza. Papa alisikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye ukingo wa barabara.

"Kila asubuhi?"

"Isipokuwa siku ya Mungu."

"Na hukuona kitu?"

"Niliona ni kawaida, papa. Hata ile ya dispanseri tunaisukumaga."

Aliinuka, akarudi kwenye usukani. Ningependa angenipiga.

Tukaanza kusukuma. Sisi, wauza viazi, wapita njia, na sitoyeni mmoja mwenye abakosi, koti la wakubwa, aliyesukuma kwa kidole. Jipu likienda hatua tano, papa anaingiza gia, motere ya mazutu inajifunga kama ngumi, magurudumu yanakokota matope kama mbuzi anayekataa kuuzwa. Tukashusha kabichi zote, tukasukuma tupu. Vile vile. Mvua ikaja.

"Ingekuwa esansi," tonton akasema, "mara mbili na manivele, sasa hivi tuko Mudaka."

"Sema tena hiyo neno," papa akasema, "utatembea kwa miguu."

"Shemeji, wote tutatembea."

Ndipo nikaona mkono mmoja zaidi ubavuni mwangu, kwenye chuma. Maman alikuwa ameshuka. Ameukaza upya mkanda wa kitenge, mkono mmoja kwenye jipu, mwingine kiunoni, anasukuma pamoja nasi jipu lililonunuliwa ili apumzike. Hakuguna. Mimi ndiye niliyeacha kusukuma.

Likapita kamio la Bukavu. Maman akalisimamisha.

"Kabichi haingoje," akasema. Wakapandisha magunia, kisha mimi na tonton tukampandisha yeye, kwa vipande, kama anavyoamka. Alipofika juu akanitazama.

"Usiniangalie vile. Sukuma."

Sisi tulivutwa kwa mnyororo na kamio la chai, jioni. Tukamkuta nyumbani amelala chali kwenye mkeka, kitenge kipya kimelowa.

Sitoyeni alikuwa Kinshasa tayari. Tonton akaagiza demarere Bujumbura, akaagiza hata Lubumbashi, ya esansi ilikuwepo kila duka, ya mazutu "itakuja." Mpaka leo inakuja. Kuliacha jipu linguruma sokoni kutwa nzima, papa alisema ni kuchoma bei ya kabichi. Maman akarudi juu ya magunia, na papa majuma mawili alinisemesha kupitia kwa ndugu zangu wadogo: mwambie kaka yako alete chumvi.

Kisha Jumamosi moja, siku ya salongo, ambapo kila raia analima barabara apende asipende, aliniamsha mwenyewe. Alikuwa ameshika majembe matatu.

"Waite wale bote benye mulikuwa munasukuma nabo."

Pembeni ya barabara ya Kavumu, nyuma ya depo ya kahawa, kulikuwa na tuta la udongo ambapo zamani kamio zilipakia. Lilikuwa limebomoka. Papa alishazungumza na chifu wa pale, ambaye alisema salongo ni salongo, awe mtu wa Kavumu au wa Bukavu. Kazi yetu ilikuwa kuliinua, kulirefusha na kulilaza vizuri upande mmoja. Kwa maneno mengine, papa alinunua jipu, sasa tunalitengenezea mlima.

Jumamosi nne. Malengelenge yangu yalizaa malengelenge mengine. Wenzangu watatu hawakunisemesha kuanzia Jumamosi ya pili. Wamama wa Kavumu walikuwa wanasimama na vikapu vyao kutazama.

"Batu ya Bukavu! Milima yenu imeisha? Munakuja kulima ingine huku?"

"Tumeleta mbegu, maman," nikajibu. "Ikishika mvua itaota yenyewe."

"Lima, mufundi," papa akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu lisilokuwa amri ya kuita watu, ingawa nalo lilikuwa amri.

Siku ya kujaribu, jipu lilipanda tuta kinyumenyume likiwa bado linanguruma, likageuza pua kutazama Bukavu. Papa akaweka jiwe. Akazima. Tukapakia magunia yote kumi na mawili. Maman akaingia mbele na mto wake, akafunga mlango wa bluu, akakaa anaangalia mbele tu, mikono magotini, kama anasubiri mtu amwambie ashuke.

Nikatoa jiwe. Jipu likaserereka, polepole, halafu si polepole. Papa akaingiza gia. Likainama, likakokota, likakohoa mara moja, likatoa moshi mweusi wa kutosha ubatizo wa kijiji kizima, na likanguruma.

Tonton alipiga makofi. Papa alipiga honi. Wamama wa Kavumu walipiga vigelegele vya kutucheka, lakini vigelegele ni vigelegele. Nikakimbia nikarukia nyuma, juu ya kabichi.

Maman hakupiga kitu. Tulipovuka depo aligeuka nusu, kadiri mgongo unavyomruhusu, akamwuliza papa kwa upole kabisa:

"Na Mudaka?"

Maana soko la Mudaka, pale anaponunua viazi, ni sawasawa kama meza. Papa alinitafuta kwenye kioo, na mimi nikaangalia chini, nikaona majembe yote matatu yako pale pale chini ya magunia. Hakuna aliyekuwa ameyashusha.