Karatasi Chini ya Breki ya Bartholomayo

Mdogo wangu Isidori ni fundi baiskeli hapa Kitura, miaka thelathini sasa. Yu hai, anakula ugali wangu. Naandika habari zake kwa sababu watu husema mkono wake ulimuua Katekista Bartholomayo, naye hajawahi kubisha.

Padre mmoja mgeni alimwachia katekista baiskeli. Breki zake za mafuta: ukibana, mafuta yanasukuma, vitambaa vya breki vinakamata sahani ya chuma gurudumuni. Ikaanza kuvuja. Isidori akanituma Mbinga mjini.

"Dada, breki hii inataka mafuta ya madini, yale mekundu. Si ya lori. Ya lori huvimbisha pete zake za raba. Ukiyakosa, rudi mikono mitupu."

Niliyakosa. Lakini mimi sirudi mikono mitupu. Muuzaji alikuwa na ya lori. Nikaisoma chupa herufi kwa herufi hadi nikalipata neno breki. Breki ni breki, nikasema. Nikayahamishia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikampelekea.

"Mbona hayana rangi, dada?"

"Umenituma mafuta au kitenge?"

Akacheka, akajaza.

Wiki ya tatu Bartholomayo akateremka kwenda Lituhi, kule ziwani, kusalisha. Kwenye kona kali alibana, mkono wa breki ukaingia mtupu. Walimkuta ndani ya shimo la ngoro, yale mashimo tunayolimia mlimani, kwenye mahindi ya watu, baiskeli juu yake.

Familia haikuitaka baiskeli. Isidori akaitundika ukutani kwake. Miaka tisa ilining'inia pale, na kila asubuhi, saa ile aliyokuwa akiondoka katekista baada ya sala, ule mkono wa breki ulilia, tk, kama mtu anaujaribu. Isidori alikuwa akiweka kazi chini na kuusikiliza. Mimi nilisema ni panya.

Mwaka huu baada ya Pasaka akaja Rosina, binti wa marehemu, mwalimu mpya wa Lituhi.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, bibi. Nimefuata baiskeli ya baba."

"Marahaba. Chuma chukua," Isidori akasema. "Breki sitaigusa. Sijui nilikosea wapi, na kosa usilolijua hulitengenezi."

"Basi nitampa fundi Tobias wa sokoni."

"Tobias ataongeza mafuta tu."

"Na nitateremka nayo hivyo hivyo, babu. Nimechoka kutembea."

Rosina akaenda kututekea maji. Akilini nilimwona tayari kwenye ile kona, kidole kwenye mkono wa breki, na zile raba zilizovimba ndani. Nikatazama mikono ya mdogo wangu.

"Isidori," nikasema, "yalikuwa ya lori."

Alikaa chini kwenye vumbi, mzee mzima.

"Miaka tisa, dada."

"Miaka tisa."

"Na panya je?"

Nikavuta ungo wangu, nikaanza kupepeta mahindi.

Hakunisemesha wiki mbili. Aliagiza raba na vitambaa vipya Songea, na mafuta mekundu ya haki. Akafungua breki zote, akaosha kila kitundu kwa spiriti, mpira wa kupitishia mafuta akautupa, akaweka mpya. Akajaza kwa bomba la sindano kutoka chini, mapovu yakatokea juu, hadi yakaisha. Kisha akaifunga mikono ya breki kwa mpira wa tairi, ikae imebanwa usiku kucha, akatandika karatasi nyeupe chini. Asubuhi tatu tuliinama pamoja kuitazama. Ilikuwa kavu.

Rosina alipokuja, Isidori alisema maneno mawili: "Mwambie wewe."

Nikamwambia yote, na chupa ya dawa. Nilisimama wima, sikulia. Yeye alibana breki, akaachia, akabana tena.

"Bibi, utatangulia mpaka kwenye kona," akasema. "Nitateremka kwako."

Nikatembea hadi pale, nikasimama ukingoni juu ya ngoro. Akaja kwa kasi. Akabana, na baiskeli ikasimama hatua mbili mbele yangu, sahani ikinuka moto. Alinitazama kidogo, kisha akaondoka kwenda ziwani bila kuaga.

Isidori sasa anafanya kazi asubuhi nzima bila kuinua kichwa. Ukutani umebaki msumari tu. Lakini saa ile inapofika, tk, naacha kupepeta mahindi.

"Umesikia?" namuuliza.

"Panya, dada," anasema.