Mkono wa Fundi Cherehani

Mtaani walimwita Rubani, na ndege ya kweli hajawahi hata kuigusa bawa. Alikuwa mchora mabango, tena si wa kubahatisha: herufi zake zilinyooka bila rula. Ndege zake zilikuwa za mbao nyepesi na kitambaa, ndefu kama meza ya kulia, na alizijenga jioni kwa sura ya mtu anayesikiliza kitu ambacho wenzake hawakisikii. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyekata na kushona vitambaa vya mabawa. Alizoea kumtania kuwa wanaume wa wenzake huleta suruali zipunguzwe, wake yeye kaleta mabawa.

Kisha maradhi ya kutetemeka yakaingia mikononi mwa Rubani. Yalianza kama mzaha, chai ikimwagika kwenye kisahani. Mwisho brashi ikamshinda kabisa. Ndege yake ya mwisho, ambayo tayari alikuwa ameifunga injini mpya ya petroli, ikabaki juu ya kabati. Hakuwahi kuisikia ikinguruma hata mara moja. Malalamiko hakuwa nayo, lakini mchana akisinzia kitini alivuma kwa midomo, vrrr, taratibu, na mkewe aliinua mguu kwenye pedali ili cherehani inyamaze amsikilize. Alijiuliza mumewe yuko juu ya mawingu gani huko, na mbona yeye kaachwa chini.

"Ndege nitaiwasha mimi," akamwambia siku moja.

"Mke wangu, ile si cherehani."

"Nani kasema ni cherehani? Wewe nielekeze tu. Mikono ninayo."

"Ndiyo hiyo mikono ninayoiogopea."

Na aliogopa kwa haki. Propela ya injini ya petroli haijui kukwaruza, ikigusa, inakata. Lakini mwanamke yule akishasema, kasema.

Jumapili asubuhi uwanja wa nyuma ulikuwa na lile jua laini linalofanya hata ndoo ya plastiki ipendeze. Fundi alivua mtandio, akatoa futi ya kupimia shingoni, akakunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko, kwa kuwa chochote kinachoning'inia propela hukivuta. Akafagia vijiwe vyote, visije vikarushwa machoni. Mkia wa ndege akaufunga kwa kamba nene kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Petroli akaichanganya na oili, akaichuja kwa kitambaa safi kabla ya kuimimina tangini. Akakaza nati ya propela, kisha akapitisha kidole taratibu kutafuta ufa, kama anavyotafuta uzi uliofyatuka.

Rubani, kwenye kigoda nyuma ya bawa, hakunyamaza hata kidogo. "Swichi izimwe kwanza. Funga choki, hewa isipite. Zungusha mpaka uone petroli inafika. Ukishaipiga, usibaki mbele. Na ubavuni mwa propela usisimame kabisa. Ikishawaka, zunguka uje huku nyuma. Kila kitu unakirekebishia huku nyuma, umenisikia?"

"Nimekusikia, mwalimu wa chekechea."

Akavaa glavu nene ya ngozi, akawasha swichi, akaipiga propela na kuutoa mkono upesi. Kimya. Akaipiga tena, injini ikakohoa. Akafungua choki, akapiga moyo konde, akaipiga mara nyingine.

Ikawaka.

Loo! Fundi akazunguka nyuma na kuchuchumaa kando ya mumewe. Propela ilikuwa imetoweka, pamebaki ukungu mwembamba tu, na nyuma ya ukungu ule ukuta wa uwanja ulionekana umesogea mbali. Mabawa aliyoyashona kwa mkono wake yakatetemeka kama yanayopumua. Rubani alifumba macho.

Ndipo injini ikaanza kwenda mrama. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kwa kelele ya kutisha. Mazoea yana tabu, jamani. Uzi ukijisokota, fundi cherehani hafikirii: kiganja cha kulia huenda chenyewe kwenye gurudumu na kulisimamisha. Cha mwanamke huyu kilifanya hivyo tangu akiwa mwari. Na sasa kikaenda. Alikitazama kikivuka bawa kuelekea kwenye ule ukungu, kwa utulivu, kama mtu anayetazama mkono wa mwingine ndotoni.

Rubani alimrukia mzima mzima. Vidole vilivyoshindwa na kikombe vikamdaka kifundo cha mkono, vikang'ang'ania. Fundi akashtuka, akapapasa swichi kwa mkono wa kushoto, akaizima.

Walibaki chini vumbini, wanahema.

"Basi," Rubani alisema. "Imetosha. Nimeshaisikia."

"Uongo. Umeisikia ikikohoa." Machozi yalimlengalenga fundi, kwa hofu na kwa hasira pia. "Huu mkono una akili zake. Ikiwaka nikirudi nyuma, ushike wewe. Usiuachie hata nikikulilia."

"Na nikishindwa?"

"Mbona sasa hivi hukushindwa?"

Akageuza skrubu ya kabureta kidogo, kama alivyoelekezwa, akaanza upya. Safari hii injini iliwaka vizuri. Akarudi nyuma, akavua glavu kwa meno, akampa mumewe mkono wa kulia. Kwa ule wa kushoto akaongeza moto polepole. Mngurumo ukanyooka, mtamu, bila kikwazo. Ulitambaa ardhini, ukawapanda magotini hadi mabegani, na fundi hakuweza tena kutambua mtetemo upi ni wa injini na upi ni wa mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaingie, alisahau kwamba yapo.

"Tunapita juu ya nini?" alimuuliza sikioni.

"Juu ya paa letu," alisema Rubani, macho kafumba. "Naiona kamba ya nguo. Nakuona wewe."

Alitakiwa kuzima. Hakuzima. Aliiacha injini iinywe petroli mpaka tone la mwisho. Ikafifia, propela ikarudi kuwa kipande cha mti, ikasimama.

Uwanja ukawa kimya. Mkono wa mumewe, ndani ya wake, uliendelea kutetemeka. Akaufunika na ule wa pili, wala hakuwa na haraka ya kuinuka.