Viazi vya Kwetu

Nakumbuka siku moja ya Desemba, Mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunichoma kama mtu aliyeinamia jiko. Sina hakika kama mimi ndiye wa kukushauri. Shule niliachia darasa la saba, na maneno mazuri hunikimbia ninapoyahitaji. Lakini wewe nawe umefika umri wa kuulizwa kwenu ni wapi, kwa hivyo acha nijaribu.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimepanga chumba mtaa wa Free Area, Nakuru, nasaga unga kwenye kinu cha mtu. Watu walinijua kwa vumbi la unga kichwani na kwa mizaha yangu. Walichokuwa hawajui ni kwamba mimi na mama yangu tulifukuzwa kwetu kule milimani, nyumba ikachomwa tukiiona. Sitataja ni kina nani waliotufukuza. Nao kuna mahali baba zao waliwahi kufukuzwa, na tena majirani wawili wa upande huo huo ndio waliotubebea godoro hadi barabarani. Ukisimulia nusu, umedanganya.

Mama hakukaa sana mjini. Aliugua, akafa, na kwa kuwa hatukuwa tena na shamba, nilimzika katika makaburi ya umma. Wewe unajua desturi yetu: mtu huzikwa kwake, karibu na migomba yake, wajukuu wacheze kando yake. Makaburi ya mjini tulikuwa tukisema ni ya watu wasio na watu. Basi niliona haya kwa kaburi lile kuliko nilivyoona haya kwa ule moto.

Sasa sikia ujinga wangu. Desemba ikifika, ploti yote ya wapangaji huwa mbioni kwenda ocha, yaani kijijini kwao. Huyu amenunua sukari na majani chai ya kumpelekea nyanya, yule anashona upya zipu ya begi. Na kila mtu akikutana nawe kwenye mfereji wa maji anauliza, "Boss, unaenda lini?" Mwaka wa kwanza nilijibu, "Kesho kutwa," bila kufikiri. Ikabidi niende. Nilifunga mlango, nikabeba begi, nikashukia Kamere, kule ziwani Naivasha, kwa Barasa, rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya maua. Nilikula samaki wake hadi mwaka mpya. Nikirudi nilinunua viazi na kabichi kando ya barabara, nikagawia majirani. "Vya kwetu," nikasema.

"Aisee, udongo wa kwenu umebarikiwa," walinisifu.

Uongo ukisifiwa huota mizizi. Mwaka uliofuata nilienda tena, na uliofuata pia.

Siku hizo, Jumamosi mchana, tulikuwa tukikutana ukumbini kanisani, mtaa wa Section 58, kusoma vitabu. Aliyetukusanya ni Mwalimu Zipora, mama mstaafu mwenye sauti ya kuita watoto kutoka uwanjani. Mwaka ule alitusomea hadithi za watu waliofukuzwa makwao: wa nchi za barafu, wa visiwani, wa jangwani. Nilistaajabu sana. Kumbe mtu wa ng'ambo ya bahari naye hukumbuka harufu ya moshi wa jikoni kwao hadi chakula kinamshinda! Kulikuwa na hadithi ya fundi viatu aliyefukuzwa na watawala wa nchi yake. Akawa anawaambia wapangaji wenzake, kila majira ya maua, kwamba mwezi ujao anarudi nyumbani. Anapanga sanduku wakimwona. Kisha akijifungia anatoa nguo moja moja na kuzirudisha msumarini.

"Kwa nini anafanya hivyo?" Mwalimu aliuliza.

"Ni mwongo tu," mmoja akasema. "Mkataa kwao ni mtumwa."

Ukumbi ukacheka. Mimi, Mwanangu, nilicheka kuliko wote, hadi Mwalimu akaniangalia.

Na mpwa wake, Ester, ndiye niliyekuwa nataka kumwoa. Nilikuwa nimemsimulia kwetu: mto, daraja la magogo, mparachichi nyuma ya jikoni. Yote yalikuwa kweli, ila nilisema yapo. Wazee wake wakapanga kuja mwezi wa pili kuona boma. Hawaji kuhesabu ng'ombe tu, unajua; wanakuja kuona binti yao atalala wapi, na nani atamwita mke wa mwanangu. Nikasema, "Karibuni sana." Sijui nilifikiri nitawapeleka wapi. Nilifunga begi nikaenda Kamere kama kawaida.

Na hapo ndipo ilipokuja ile siku. Nimekaa ufukweni, nakwangua magamba ya samaki, suruali imekunjwa hadi magotini, nikasikia sauti ile ya uwanjani.

"Niaje, mtu wa ocha! Kwani kwenu kumeteremka mpaka ziwani?"

Mwalimu Zipora alikuwa amekuja kununua samaki wa mwaka mpya. Niliinamia samaki wangu. Barasa, asiyejua lolote, ndiye aliyemaliza kazi: "Mathe, huyu ni mwenyeji! Kila Krismasi yuko hapa. Wewe chagua samaki tu, atakukwangulia."

Mwalimu alichagua. Alimngoja Barasa aende kutafuta gazeti la kufungia, ndipo akaketi kwenye kreti karibu nami.

"Yule fundi viatu ulimcheka sana," akasema taratibu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilidhani unamcheka yeye."

Nikamwambia yote, kisu mkononi, bila kuinua macho. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Na ukitoka na begi lako, pale makaburini unapitia?"

"Sipitii. Huwa nazunguka."

"Mama yako anakula Krismasi na nani?"

Nikaendelea kukwangua samaki ambaye magamba yake yalikuwa yamekwisha.

"Sikiliza, kijana. Waliowafukuza waliwafukuza mara moja. Hii ya kila Desemba ni wewe unayejifukuza, na mama yako umemfungia nje. Mficha uchi hazai. Watoto wako utawapeleka wapi kuona nyanya yao? Hapa kwa samaki?" Akainuka, akapangusa sketi. "Ester sitamwambia. Hayo si yangu kusema."

Nilirudi Nakuru mikono mitupu. Nilimwambia Ester. Aliuliza, "Na ule mparachichi?"

"Ulikuwepo. Uliungua."

"Basi si kila kitu ulinidanganya," akasema. Lakini hakupita kwenye kinu kwa wiki kadhaa, na simlaumu.

Mwezi wa pili wazee walikuja, Ester akiwa nao. Niliwaonyesha chumba changu, nikasema, "Hapa ndipo ninapolala. Kwetu kulichomwa. Mama yangu yuko makaburini, si mbali." Amu yake Ester aliguna: "Tumetoka kote huko kuja kuonyeshwa makaburi ya mjini?" Simlaumu naye, hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo moyoni miaka yote.

Lakini babake Ester alishika kofia yake, akasema, "Twende."

Na hapa ndipo penye aibu kubwa, ile ambayo huwa naandika kisha nakata. Tulifika, na sikuliona kaburi la mama. Misalaba imefutika maandishi, nyasi zimepanda. Nilizunguka safu hii na ile, wageni wamesimama juani wakinitazama nikimtafuta mama yangu kama mtu aliyepoteza mbuzi. Ester ndiye aliyeinama, akaanza kupasua nyasi pamoja nami, hadi tukaona ubao niliouchonga mwenyewe.

Babake alivua kofia. Akasimama mbele ya ule ubao, akaita kama mtu aliye mlangoni:

"Hodi, mama! Sisi wageni wako."

Alikuwa anangoja, Mwanangu. Nikaelewa ni mimi ninayepaswa kujibu.

"Karibuni," nikasema.

Jioni nilipowapikia, babake Ester alichukua kiazi, akauliza, "Hivi ni vya kwenu?"

"Ni vya sokoni, mzee."

"Ni vitamu," akasema, akaongeza kingine.

Basi nakuomba. Ukipoteza kwenu, usiongeze kupoteza na ukweli wake. Aibu si ya aliyefukuzwa, na hata aliyefukuza tumwachie njia ya kurudi kwenye utu. Na ukiwa na ocha, usimwulize mwenzako anaenda lini. Mwulize Krismasi atakula na nani, kisha umwekee sahani. Sisemi mimi nimepona. Desemba iliyopita kijana mmoja kwenye kinu aliniuliza, "Mzee, huendi ocha?" na "kesho kutwa" ikanifika kwenye meno. Nilimeza mate, nikamwambia, "Ocha yangu ni hapo makaburini. Twende unisaidie kufyeka."

Mungu akujalie mlango wako, hata ukiwa wa chumba cha kupanga, na hodi zako zisikose mwitikiaji. Nyanya yako nimemwambia utakuja. Beba panga, nyasi za pale hukua haraka.