Mwenye Njaa Aingie Jikoni

Lornah alifika nyumbani Kinoo njaa ikimuuma, soksi zimejaa vumbi, akamkuta mdogo wake Maxwell amejilaza kwenye kochi na viatu vya shule bado miguuni. Maxwell alikuwa amerudi kitambo. Tumbo lilikuwa likimnguruma mpaka likasikika, lakini hakuwa amegusa hata sufuria. Alikuwa akimngoja dadake aje kupika.

Mambo yalikuwa hivyo tangu Senje Philister, dada mkubwa wa baba yao, aje kukaa nao akitibiwa mguu. Mama yao aliuza vitambaa katika duka moja katikati ya jiji. Baba yao, Bramwel, alipaka rangi nyumba za watu kule Kitisuru. Wote wawili walirudi giza limeshaingia. Kati ya kengele ya shule na chakula cha usiku palikuwa na pengo refu, na Senje aliliziba kwa sheria yake: msichana apike kitu cha kushika tumbo, mvulana angoje. Mvulana akizoea jikoni, alisema, ameharibika.

Lornah alikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa hesabu alikuwa amejitolea kubaki na wanafunzi wachache baada ya masomo, lakini Lornah hakuwahi kumaliza kipindi hata kimoja. Siku hiyo alikuwa ameondoka katikati ya swali alilokuwa ndiyo kwanza ameanza kulielewa. Sasa aliitazama ile miguu ya Maxwell juu ya kochi.

Aliweka begi chini akamwambia Senje kwamba leo hapiki. Senje akadhani ni mgonjwa, akamuuliza ni kichwa au ni tumbo.

"Siumwi, Senje. Maxwell ako na mikono. Mwenye njaa aingie jikoni."

Maxwell alicheka. Kisha akamtazama dadake usoni, akaacha kucheka. Alivumilia kidogo, akigeuka huku na huku kwenye kochi, lakini njaa ya mvulana anayerefuka haina subira. Akainuka.

Lornah alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono ameikunja kifuani ili isimponyoke ikamsaidie. Alimwambia akate viazi vidogo vidogo viive haraka. Maxwell akawasha gesi moto wote, kitunguu kikaungua. Lornah alitamani kumpokonya mwiko, akajizuia. Akamwambia amwage, aanze upya. Mara ya pili kitunguu kikawa rangi ya dhahabu. Zikafuata nyanya, vile viazi, na githeri ya jana, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, iliyokuwa kwenye bakuli. Maji kidogo, kifuniko, moto wa chini. Mwishowe Maxwell akaponda yote kwa mwiko na kukata parachichi juu yake. Chumvi ilizidi. Walikula wakamaliza, na Maxwell akakwangua sufuria bila kuambiwa.

Senje alipakuliwa sahani yake, akaisukuma kando. Kisha akachukua simu, akampigia Bramwel kumshtakia.

Jumapili baada ya kanisa, Bramwel aliwaita wote sebuleni. Alikuwa mtu mpole, na aliyasema maneno ya dadake kama mtu anayebeba mzigo wa mwingine: kwamba nyumba ina utaratibu, kwamba Lornah amwombe Senje msamaha na arudi kazini mwake. Mama yao, aliyekuwa akikunja nguo, alisema yeye hataki kesi ya githeri siku yake ya kupumzika.

Lornah alimwomba Senje msamaha kwa kumjibu vile siku ile, na kwa kusimama mlangoni mwa jikoni kama askari. Kisha akamgeukia baba yake.

"Lakini jikoni sirudi saa hiyo, Baba. Nitabaki shule nisome. Ukitaka kunichapa, nichape, halafu kesho bado nitabaki."

Hakuwahi kumjibu baba yake hivyo maishani. Kabla Bramwel hajajibu, Maxwell akasema kutoka kwenye kona yake kwamba hajalazimishwa na mtu, na kwamba kesho atapika mayai na ugali wa kukaanga.

"Wewe ni mwanamume," Senje akamwambia.

"Ndiyo, Senje. Na niko na njaa."

Kesi haikuamuliwa. Bramwel alitoka nje akakaa huko muda mrefu. Kesho yake Lornah alibaki shuleni hadi mwalimu alipofunga darasa. Alipofika nyumbani alikuta vipande vya ugali vimekaangwa vikakauka kingo, na yai juu yake, vimefunikwa sahani. Alikula amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kukuta Maxwell amempikia na kumwekea chakula, na hakutaka mtu aone macho yake.

Wiki hiyo mvua ilisimamisha kazi Kitisuru. Bramwel akarudi mchana, akala alichopika mwanawe, akaongeza. Senje aliendelea kungoja chakula cha usiku, na kanisani akaanza kuwaambia akina mama kwamba kuna msichana ameharibu mvulana wa watu. Alisema kwa sauti ya kusikika, Lornah akiwa kiti cha nyuma yake. Wawili watatu waligeuka kumtazama. Lornah hakuinamisha kichwa. Alifungua kitabu cha nyimbo, akainuka pamoja na wengine, akaimba kwa nguvu.