Leso Haifuniki Karai Tena

Saa tisa alasiri, siku ya pili ya Idi. Mwanatumu Mwinyihaji amechutama kando ya uwanja wa mpira huko Likoni, anapepea jiko la mkaa kwa kifuniko cha ndoo. Viazi vimechemshwa tangu asubuhi nyumbani. Unga wa manjano wa kuvichovya uko tayari kwenye bakuli, na ukwaju umetiwa pilipili kiasi kwamba anayeuonja hufumba jicho moja.

Kabla ya kumimina mafuta, anafanya jambo ambalo mwaka jana hakulifanya. Anaifungua leso aliyojifunga kiunoni juu ya buibui, anaikung'uta, kisha anamnyooshea jirani yake.

"Vaa, shoga. Jua likizama nisianze kukutafuta."

Jirani huyo ni Dorcas Ruwa, muuza muhogo wa kukaanga. Anaitupia leso begani na kuirekebisha ili ionekane vizuri.

"Leo hata wewe ukija bila salamu nakufukuza," anajibu.

Karai lililo juu ya jiko si la Mwanatumu. Ameliazima kwa wifi yake, Mwanasiti, anayekaanga bajia Port Reitz na kuwauzia wafanyakazi wanaotoka zamu. Mwanasiti hana jingine. Amefunga biashara yake kwa siku tatu za sikukuu ili Mwanatumu apate kufanya yake.

"Hili likipotea, si mimi tu nitakayekaa bila kazi," asema Mwanatumu. "Tutakaa wawili. Na yeye ana watoto watano."

Mwanatumu ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Siku za kawaida huuza viazi vya karai jioni mbele ya nyumba yake, na akijaliwa hubaki na faida ya shilingi hamsini. Idi ni tofauti. Siku moja ya sikukuu humpa kiasi anachokipata kwa wiki nzima, na ndizo fedha zinazomlipia kodi wakati wa mvua, ambapo wateja hawatoki nyumbani.

Hata hivyo, Idi ya mwaka jana, 1991, ilimwacha bila chombo cha kazi.

Kwa watu wa mtaa wake, muuzaji anapokwenda kuswali hafungi wala haombi mlinzi. Huifunika biashara yake kwa leso, basi. Mnunuzi akiiona leso husubiri, au huenda zake akarudi baadaye.

"Tangu nilipokuwa msichana sikusikia mtu kafunua leso ya mwenziwe," asema. "Anayeifunua ni mwenyewe, ama mtu wa nyumbani kwake."

Jioni ile adhana ya magharibi ilipolia, alilivuta karai pembeni mwa jiko, akatandaza leso yake juu ya meza, viazi, kopo la fedha na karai lenyewe. Akavuka barabara kwenda kuswali nyumbani kwa Mwanakheri, muuza achari, kama walivyofanya wanawake wengine uwanjani.

Aliporudi alikuta mafuta yamemwagwa mchangani, yanafuka moshi. Karai halikuwepo. Kopo halikuwepo. Hata upawa ulikuwa umechukuliwa.

Leso ilikuwa juu ya benchi, imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Hiyo ndiyo iliyoniuma," asema. "Mtu kapata nafasi ya kumwaga mafuta, akapata na nafasi ya kukunja leso. Hakuwa na haraka yoyote. Nikajiuliza, uwanja mzima huu hakuna aliyemwona?"

Aliyemwona alikuwapo. Dorcas, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, alimtazama mtu huyo tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa kanzu safi," akumbuka Dorcas. "Alinisalimu. Akaifunua leso, akaikunja polepole, akamwaga mafuta, akashika karai kwa kitambaa. Nikasema moyoni, huyu ni kaka yake, amekuja kumsaidia kubeba. Mwizi gani anakunja leso? Hata nilimwambia pole kwa kazi. Akaniitikia asante."

Maneno hayo hayakupokelewa vyema. Mtaani watu walianza kuuliza imekuwaje mtu atazame wizi na kutoa pole. Wengine walisema Dorcas si Mwislamu, kwa hiyo alibaki peke yake uwanjani wakati wa swala, na hapo wakanyamaza ili msikilizaji ajimalizie mwenyewe.

Mwanatumu hakuyasema hayo. Lakini pia hakuyakanusha.

Kituoni alikokwenda kuripoti aliulizwa risiti ya karai. "Karai nimepewa na mamangu nilipoolewa," asema, akicheka kidogo. "Risiti niipate wapi? Nikashukuru, nikarudi."

Kwa miezi kumi alifua nguo za watu na kuchambua mchele kwa malipo. Yeye na Dorcas hawakuamkiana. Dorcas, ambaye zamani alipita mbele ya nyumba yake kila siku akienda kisimani, alianza kuzunguka kwa kichochoro cha nyuma.

Mwezi wa Ramadhani mwaka huu, kabla ya futari, Dorcas alibisha hodi akiwa na sufuria ya muhogo wa nazi.

"Nikamwambia, mama, nimechoka kupita kule nyuma," asema Dorcas. "Kuna mbwa. Ama nifukuze, ama nisikilize."

Mwanatumu alimkaribisha ndani. Akamwomba aeleze upya alichokiona, jambo moja baada ya jingine, bila kuruka. Dorcas alipofika kwenye kukunjwa kwa leso, Mwanatumu alimsimamisha.

"Hapo nikaelewa," asema. "Mimi nilikwenda zangu kwa sababu niliiamini leso. Dorcas alinyamaza kwa sababu naye aliiamini. Sote tulijua anayeifunua ni mwenyewe. Na mwizi alijua kwamba sisi twajua."

Haamini kwamba watu wameharibika kuliko zamani. Anasema sikukuu huleta wageni wengi, wanaovuka feri kutoka kisiwani na wanaotoka Kisauni na Changamwe, na ada ya mtaa mmoja haiwezi kulinda uwanja mzima.

Wauzaji hutozwa shilingi ishirini kila siku, na ndani yake imo ada ya ulinzi. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, Mzee Mbarak, hakatai kwamba ulinzi huo hauwafikii wauzaji.

"Askari ninao wanne," asema kwa upole. "Wawili kwenye pembea, kwa sababu ya watoto. Wawili jukwaani. Niambie nimtoe nani? Mtoto akipotea nitamjibu nini mamake? Karai naweza kuomba msamaha."

Kabla ya Idi hii Mwanatumu alimwendea, akamsikiliza, akaondoka, akawaita wauzaji wenzake.

Walikubaliana mambo matatu. Meza zikae safu mbili, migongo ikitazamana, mtu asiweze kupita nyuma. Wakati wa swala, nusu waende na nusu wabaki, kisha wabadilishane. Na leso isiachwe juu ya biashara. Ivaliwe begani na anayebaki. Yeyote atakayegusa chombo bila leso ya mwenye chombo begani, masinia yagongwe.

Si wote waliofurahi. Mwanakheri alipinga kwanza. "Leso yangu mpya ivaliwe na mtu uwanjani, harufu ya muhogo iingie?" aliuliza. Akajibiwa alete ya zamani. Akaleta.

Jua linapokaribia kuzama, adhana inasikika. Nusu ya wanawake wanavuka barabara, Mwanatumu akiwa mmoja wao. Anageuka mara moja kulitazama karai, kisha anaendelea. Dorcas anasimama kati ya majiko mawili, anageuza muhogo huku na viazi kule.

Haijapita muda mrefu, mwanamume aliyevaa kanzu anasogea. Anatoa salamu, anainama, na kuanza kulishika karai kwa kitambaa.

"Weka chini," asema Dorcas.

"Namsaidia Mwanatumu, dada. Mimi ni kaka yake."

"Hata mwaka jana alikuja kaka yake."

"Wallahi, baba mmoja, mama mmoja."

"Leso yake iko wapi?"

"Mwanamume mzima nivae leso?"

Dorcas anachukua sinia, analigonga kwa upawa. Sinia la pili linaitika, la tatu, na mara safu nzima inalia kama harusi. Wanawake wanamzunguka. Askari mmoja anaacha pembea na kuja mbio, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mwaka huu askari kufika upande wa wauzaji.

"Keti hapo kwenye benchi mpaka mwenyewe arudi," Dorcas anamwamuru. "Una njaa?"

"Ninayo."

"Viazi ni shilingi moja kimoja."

Mwanatumu anarudi akikimbia, buibui amelikamata kwa mkono. Kitu cha kwanza anachokitazama ni karai. Liko jikoni. Ndipo anamwona mtu aliyeketi kwenye benchi, mdomo umejaa viazi, askari kasimama nyuma yake.

Analiachia buibui, anafuta jasho.

"Huyu ni kaka yangu kweli," asema. "Khatibu, nani alikutuma?"

"Mama. Kasema nije nikubebee karai, lisije likaibiwa."

Kicheko kinazuka safu nzima, na askari pia anacheka. Dorcas anaanza kuomba radhi, lakini Mwanatumu anamkatiza.

"Usiombe radhi. Mwaka jana ungemfanyia hivi yule mwingine, ningekuwa na karai. Khatibu, umelipia viazi?"

"Kwako nilipe?"

"Lipa."

Jioni hiyohiyo Musyoka, anayeuza miwani ya watoto, aliibiwa boksi lake zima karibu na jukwaa, alikokuwa amesimama peke yake. Siku ya tatu alikuja kuomba nafasi kwenye safu. Hakuwa na leso. Wanawake walijadiliana, wakachukua kofia yake, na adhana ilipolia, naye akaenda kununua chai, Mwanakheri, ambaye ilikuwa zamu yake kubaki, aliivaa juu ya buibui.

Karai limerudi Port Reitz likiwa limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Mwanatumu amekwisha kupeleka kianzio kwa fundi mmoja wa Changamwe anayetengeneza makarai, ili lake liwe tayari kabla ya Idi Kubwa. Anataka pia kurudi kwa Mzee Mbarak akiwa na wauzaji wenzake wote, kumwomba askari mmoja tu, atembee kwenye safu wakati wa magharibi. "Akikataa nitarudi tena," asema. "Kwake si mbali."

Baada ya hapo ni Krismasi. Yeye na Dorcas watauza pamoja Changamwe, kwenye uwanja ambapo kanisa la Dorcas hufanya ibada na sherehe. Safari hii Dorcas ndiye atakayekwenda kusali, na leso yake itakuwa begani mwa Mwanatumu.

"Uniletee nyepesi," Mwanatumu anamwambia. "Magharibi ni rakaa tatu tu. Nyinyi mwaimba mpaka adhuhuri."

"Nitaleta nyepesi," Dorcas anajibu. "Ila mume wangu akija kuchukua sufuria, mkatalie."

"Huyo," asema Mwanatumu, "nitamuuzia viazi kwanza."