Medius Anayepima Masikio kwa Endara

Ukimpelekea Medius, fundi wa kompyuta wa Bwera, laptopu kwa sababu sauti yake ni mbaya, haigusi kwanza. Anakuvisha hedifoni na kukuchezea endara, marimba ya Wakonzo, ubao mmoja mmoja, kutoka mnene hadi mdogo kabisa. Ukiusikia, inua kidole. Kidole kinapobaki chini, hapo ndipo anapoongeza sauti, kisha anahifadhi mpangilio huo kwa jina lako. Mimi, jirani yake mshona nguo, nilimcheka sana, hadi aliponipima akaniambia sikio langu la kushoto limelala. Nyani haoni kundule.

Mwaka 2014 alikuja Mwalimu Yafesi wa kwaya, aliyesaga mihogo kwa mashine yenye kelele kubwa kule Nyakiyumbu miaka ishirini. Alikuwa amemtoa mkewe Bulandina kwenye kwaya mbele ya waumini wote, akidai anafungua mdomo tu bila kuimba. Wazee wa kanisa walipokataa dai hilo, alisema wanamtetea. Sasa alileta wimbo wao wa Pasaka uliorekodiwa kabla hajamtoa, akitaka usafishwe ili wasikie wenyewe kwamba mama yule haimbi. Hata mimi wa sikio moja nilikuwa ninamsikia humo, na nilikasirika.

Medius hakubishana naye. Alichezesha endara. Kidole cha Mwalimu kilipanda vizuri kwenye mbao nene, lakini tano za mwisho zilikikuta kimetulia juu ya goti. Medius akarudia, maana hamu yake ya kujua haina adabu. Mwalimu akauliza mbona muziki umekatika, na mbao zilikuwa bado zinalia.

Medius akapandisha zile sauti nyembamba kidogo kidogo, akafungua wimbo wa Pasaka. Mwalimu akakunja uso, kisha akashika hedifoni kwa mikono miwili.

“Hii sauti ya juu iko ya nani?”

“Iko ya mama Bulandina, Mwalimu. Ilikuwa hapo tangu mwanzo.”

Aliomba urudiwe mara tatu. Machozi yalimtoka mbele yetu, na hasira yangu ikaisha, nikabaki na huruma. Alituuliza afanye nini. Medius alisema hilo halijui, yeye hupima masikio tu.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alimwita Bulandina mbele ya waumini walewale, akamwachia kazi ya kuongoza kwaya. Yeye akaenda kusimama na waimbaji wa besi, ambao bado anawasikia.